Kadi Tatu za Mama Kulwa

Ukiona nzi anapita mbele ya jicho lako, ukampiga kofi akarudi, ukampiga tena akarudi, usinunue dawa ya nzi. Mimi nilinunua. Nikanunua na kopo la pili, nikidhani la kwanza lilikuwa feki, na muuzaji nikamfokea mbele ya watu pale sokoni Buseresere mpaka akajiapiza kwa mama yake. Kumbe nzi alikuwa ndani ya jicho. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulijue wewe mwenye sukari unayesoma haya, au unayesomewa. Kama unasomewa, basi wewe na mimi tumeshafahamiana.

Siandiki kwa mkono wangu. Anaandika Doto, binti yangu, na kila ukurasa namwambia ausome mara mbili. Analalamika kwamba shuleni wanasoma mara moja tu. Ndiyo maana wanafeli, namwambia.

Sukari ilinikuta msimu wa pamba, malori yakipita Kahama yamebeba marobota na watoto wakiyakimbilia. Nilikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Nachukua mzigo Shinyanga mjini, kwenye duka la Mzee Nurdin, Mhindi aliyezaliwa hapohapo na anayeongea Kisukuma kunishinda mimi. Nauza kwetu Nyahanga, nauza Mwakitolyo wachimbaji wakipata dhahabu, nauza Buseresere siku ya gulio. Basi msimu ule nikaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Kitenge nilichokuwa nafunga mzunguko mmoja na nusu kikawa kinazunguka mara mbili na kubaki.

Wateja waliona kabla yangu. Mama mmoja wa Mwakitolyo, anayeponda mawe ya dhahabu, aliniambia, "Mama Kulwa, unaisha kama sabuni."

"Nimeacha wali," nikasema.

"Umeacha wali au wali umekuacha?"

Wakacheka, ila mmoja hakucheka, akasogeza mtoto wake mbali na mimi. Nilijua anawaza nini. Miaka ile kwenye machimbo ukikonda ulikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ulikuwa hautajwi. Kwa hiyo siku muuguzi wa Kahama aliponipima na kuniambia ni kisukari, nilimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nilirudi Mwakitolyo nikatangaza katikati ya watu. "Ni sukari! Nimepimwa, ni sukari tu!" Na yule mwenye mtoto akajibu, "Basi tukopeshe, chai yetu haina." Nilicheka kuliko wote. Hiyo "tu" niliyoitamka siku ile ningeweza kuirudisha, ningeirudisha.

Sasa sikiliza habari ya majina, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kliniki ya sukari nilihudhuria popote siku yake iliponikuta na mzigo wangu. Nyahanga muuguzi ni jirani, watoto wake wanacheza na wangu. Hakuniuliza kitu. Akaandika "Mama Kulwa" juu ya kadi, akaendelea na kazi. Nani asiyemjua Mama Kulwa?

Buseresere kulikuwa na sista mkali wa miwani. Alitaka jina la ubatizo.

"Leticia," nikasema.

"Leticia nani? Jina la mume."

Nikaanza kukunja pindo la kitenge changu. Mume wangu anatumia jina la baba yake, na kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Halitamkwi hata akiwa hayupo, hata ukiwa umekasirika. Kama jina hilo linafanana na neno la kawaida, unatafuta neno lingine. Mimi jina la mkwe wangu linakaribiana na jina la kitu kimoja cha jikoni, na tangu niolewe kitu hicho nakiita "kile cha kukorogea."

"Huna mume?" sista akauliza.

"Ninaye. Andika Petro. Ni baba yangu."

Shinyanga, kwenye hospitali kubwa, karani alikuwa mzee wa Kisukuma. Tulisalimiana, ng'wangaluka, ng'wangaluka, akaniuliza kama mtu anavyouliza kijijini, "Wewe ng'wana nani?" Yaani, mtoto wa nani. Nikajibu kama mtu anavyojibu kijijini: "Holo, ng'wana Masanja." Holo ni jina nililopewa na bibi. Masanja ni huyohuyo Petro kabla ya maji ya ubatizo.

Kadi tatu. Niliziweka pamoja kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, karibu na soksi nilimoweka hela. Hakuna hata jina moja nililodanganya. Ungeniuliza kule kwetu, ningekuapia kwamba mtu mwenye jina moja tu ndiye wa kutiliwa shaka.

Vidonge vilifanya kazi kwa mwaka, vikachoka. Nikapewa sindano. Dawa ya sindano haitaki joto, na sisi friji tuliiona kwa Mzee Nurdin tu, ikiwa na soda. Nikachimba kona ya nyumba, nikazika mtungi kwenye mchanga wenye maji, chupa yangu ndani yake. Nilijichoma tumboni asubuhi na jioni. Baba Kulwa aligeuza uso kila mara. Mtu anayeshuka kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, kwa kamba, chini huko kwenye giza la mwamba, hawezi kutazama sindano yenye urefu wa kucha.

Kwenye benchi la Shinyanga nilikaa na Mzee Nurdin, maana naye alikuwa na sukari. Tulisubiri pamoja tangu jua liko ukutani mpaka linaingia miguuni. Tulipopimwa tulionyeshana namba kama watu wanaolinganisha bei.

"Wewe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Mama Kulwa! Punguza."

"Punguza wewe kwanza bei ya vitenge."

Ndipo akaja Dokta Elisante. Kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuja na kompyuta. Ilikaa kwenye chumba chake peke yake, na feni ilielekezwa kwake. Sisi wagonjwa tulikuwa tunatoka jasho koridoni, kompyuta inapepewa. Mzee Nurdin akasema ndiyo maana yeye anataka kuzaliwa tena kama kompyuta.

Dokta alitukusanya akatueleza. Sukari ikikaa sana mwilini huharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Unaona vizuri mpaka siku huoni. Kuna hospitali ya mbali, safari ya siku mbili, yenye mashine ya mwanga inayochoma mishipa hiyo kabla haijapasuka. Nafasi ni chache, na huku kwetu hakuna daktari wa macho wa kumchungulia kila mtu. Kwa hiyo alikuwa amekusanya kadi za kliniki zote, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, anaiingizia kompyuta. Anaipa kadi za waliokwisha kupofuka na za waliosalimika, ili ijifunze wanatofautiana wapi. Ikishajifunza, itasoma kadi zetu na kusema nani yuko karibu na hatari.

"Inajifunza kama mwanafunzi?" Mzee Nurdin akauliza.

"Kama mwanafunzi, mzee. Haijui ila ilichofundishwa."

"Na ikikosea inachapwa?"

Dokta akacheka. "Ikikosea ninaifundisha upya."

Mimi nilimwelewa haraka. Mnunuzi wa dhahabu naye anafanya hivyo. Ameona mawe mengi, anageuza jiwe lako mara mbili, anakwambia hapa kuna kitu au hakuna. Sikufikiria kumuuliza dokta kama ameletewa jiwe zima au vipande.

Majina yalisomwa wiki ambayo mvua za kwanza zilinyesha. Mzee Nurdin alikuwa wa kwanza. Akashika kichwa. "Mimi? Sukari yangu ni nzuri kuliko ya huyu!" akininyooshea kidole. Nikasubiri. Nilisikiliza orodha yote, nikamwomba muuguzi airudie. Mara zote mbili Holo Masanja hakuwemo.

Nilimwambia muuguzi habari ya nzi wangu. Akaenda ndani akauliza, akarudi. "Mashine inasema wewe bado, mama. Una mahudhurio machache, na sukari yako ni ya muda mfupi. Utaangaliwa kundi lijalo, baada ya mvua."

Unajua nilifanya nini? Nilinunua kuku. Nilirudi Nyahanga na kuku hai chini ya kwapa, nikampika kwa nazi, na nazi kwetu si kitu cha kila siku, na tukala jamvini mimi na mapacha wangu, Kulwa na Doto, tukisherehekea macho ya mama. Kulwa alikuwa ameng'oka jino la pembeni. Alikula kwa upande mmoja. Doto alimwiga. Niliwaona wote wawili, mafuta mpaka masikioni. Nitakushukuru ukiniacha kidogo hapo kwenye hilo jamvi.

Mvua hazikuisha. Ule ndio mwaka wa El Nino. Barabara ya Shinyanga ikawa mto, reli ikakatika, mahindi yakaoza yakiwa yamesimama. Asubuhi moja nilikuwa namsuka Doto, kichwa chake katikati ya magoti yangu, nikaona kitu kinateremka ndani ya jicho la kulia. Ni kama mtu aliyemimina chai ya rangi kwenye glasi ya maji. Ilishuka taratibu, ikasambaa. Hapakuwa na maumivu. Hilo nalo lijue: haliumi. Nilifunga jicho, nikafungua. Nikamaliza msuko kwa jicho moja.

"Mama, umeacha mstari," Doto akasema, akijipapasa.

Kabla barabara haijafunguka, la kushoto nalo likaanza.

Baba Kulwa alikuja kutoka Mwakitolyo akiwa na tope mpaka kiunoni. Alikaa. Akasema ni kijicho cha watu wa sokoni, akataka twende kwa mtaalamu mmoja huko Geita. Nikakataa, tukagombana, akarudi machimboni. Sisemi aliniacha. Alipungua. Alikuja kila mwisho wa wiki, halafu kila mwisho wa mwezi, halafu ikawa anatuma salamu, halafu salamu zikawa zinakuja bila mtu aliyezileta kujua nani kazituma. Kuna wanaume wanaweza kushuka gizani kila siku lakini hawawezi kukaa nyumbani na giza la mtu mwingine. Nimemhesabu mara mbili, na sijapata jibu tofauti.

Aliyekuja na akabaki ni baba yake. Naye namwita Babu Kulwa, kama ninavyoruhusiwa. Mzee mrefu, mlalamishi, asiyependa viti wala mji, anayeamini ng'ombe tu. Alikuja kwa miguu kutoka kijijini, viatu shingoni. Alisimama nje ya mlango, maana mkwe haingii ovyo.

"Mayu," akaniita. Kwetu mayu ni mama. Ndivyo anavyoniita tangu niolewe. "Wanasema huoni."

"Naona mwanga, baba."

"Twende kwa huyo mwenye mashine."

"Nani atanishika?"

Swali lile lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mkwe na mkamwana hawashikani mikono. Hawakai mkeka mmoja. Nilimsikia akipiga fimbo chini, akifikiri. Kisha nikahisi ncha ya fimbo ikinigusa kiganja.

"Shika huku. Mimi nashika huku."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Shinyanga, kwa lori la pumba, halafu kwa miguu palipokatika barabara, halafu kwa lori tena. Yeye mbele, fimbo katikati, mimi nyuma. Kwenye tope hakusema "angalia." Aliinua fimbo kidogo, nikajua kuna shimo. Watoto walitufuata wakiimba. Aliwatukana kwa Kisukuma kizuri sana, sitaki Doto akiandike.

Hospitali, Babu Kulwa aliingizwa chumba cha kompyuta. "Televisheni gani hii haina mpira?" akauliza. Dokta Elisante hakucheka. Alishika kurunzi, akatazama jicho langu la kulia muda mrefu, halafu la kushoto, halafu akarudi la kulia.

"Holo, ulianza lini kuhudhuria kliniki?"

"Mwaka wa nne huu."

"Kadi yako inaonyesha mara chache sana."

"Hiyo ya hapa." Nikafungua mkoba, nikampa mfuko wa nailoni.

Nikasikia karatasi. Akasoma kwa sauti ndogo. Mama Kulwa, Nyahanga. Leticia Petro, Buseresere. Holo Masanja, Shinyanga. Kiti kikalia. "Hawa wote ninao humu," akasema. "Wote watatu ninao. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaanza kubonyeza. Ninaikumbuka ile sauti, kama kuku anadonoa bati. Feni ilikuwa inavuma. Aliwaunganisha wale wanawake watatu, kipimo kwa kipimo, mwezi kwa mwezi: zile kumi na nane za hapa, zile ishirini za Buseresere, miaka ya Nyahanga iliyoanza kabla ya wote. Kisha akaacha kubonyeza.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Mama..."

"Dokta, mimi ni mtu wa soko. Niambie bei."

"Inasema ungekuwa wa kwanza."

"Kabla ya Mzee Nurdin?"

"Kabla ya wote." Nikamsikia akikusanya zile kadi. "Mashine haikukosea, mama. Ilijifunza vizuri kabisa. Ilipewa wanawake watatu wasiokuwepo, kila mmoja anaumwa kidogo. Mimi ndiye niliyewaingiza. Sikuwaza kwamba mtu..."

Hakumalizia, na sikumsaidia kumalizia. Nilikuwa nafanya nilichojua kufanya maisha yangu yote.

"Sikiliza," nikasema. "Mawili siombi. La kulia kaa nalo. Nipe la kushoto."

"Mama, si mimi ninaye..."

"La kushoto, nusu. Nione watoto kwa karibu tu. Mbali sitaki."

Nyuma yangu nikasikia Babu Kulwa anatoka nje ya chumba, na mara hii hakuwa analalamika.

Mvua zilipokatika tulifika kwenye hospitali ile ya mwanga. Unaweka kidevu kwenye kibao, paji la uso linabanwa, unaambiwa usipepese. Mwanga unapiga, unapiga, kama mtu anayekupiga picha kwa hasira. Mwenzangu, usiogope mwanga huo. Unachosha, unatoa machozi, lakini unavumilika. Cha kuogopa ni kuuchelewa. La kulia walisema halina cha kuchoma tena. La kushoto waliniokolea dirisha dogo: najua mchana, najua mlango, najua mtu amesimama. Simjui ni nani mpaka aseme.

Bei haikufika nilipotaka.

Kwa hiyo wanangu hawajakua. Kulwa amebalehe, sauti imekuwa nene, na kila akiniamkia, "Shikamoo mama," naisikia sauti ya mwanaume ikitoka kwenye uso wa mtoto mwenye pengo na mafuta ya kuku. Nimempapasa. Nimekuta ndevu. Vidole vyangu vinaamini, mimi bado.

Rehema zipo, ndogo, nazo nitazitaja. Mzee Nurdin alirudi na macho yake mazima. Nilimchukia kwa msimu mmoja wa pamba, kimya kimya, na nadhani alijua, maana hakunisemesha zaidi ya salamu. Kisha nikaenda dukani kwake na fimbo yangu, nikitaka kuanza tena. Akaweka kitambaa mbele yangu. Nikakisugua kwa kidole gumba, nikakinusa.

"Hiki si kile unachosema ni hiki," nikamwambia.

"Macho gani hayo!" akafoka. "Huoni na bado unanisumbua!"

Tulivutana asubuhi nzima. Wote waliokuwa wakinionea huruma walikuwa wananipunguzia bei bila kuombwa. Yeye hakunipunguzia hata kidogo mpaka nikampokonya. Nilitoka pale nikilia barabarani, mzigo kichwani, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu yuleyule.

Ninachokuachia ni hiki. Ukifika kliniki, sema majina yako yote. La nyumbani, la kanisani au msikitini, la watoto wako, la kijiji. Sema na kliniki nyingine unazokwenda. Usingoje kuulizwa, maana anayeuliza hajui kwamba una mengine, na mashine inajua kidogo kuliko anayeuliza.

Mwaka huu Dokta Elisante aliniita. Alikuwa anaifundisha mashine upya, na kliniki zote sasa zinaandika kadi moja kwa mtu mmoja. Alitaka ruhusa yangu kuweka kadi yangu kwenye lile fungu la kwanza, la kujifunzia.

"Fungu la waliopofuka," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Itajifunza kwangu?"

"Itajifunza kwako."

Nikakubali. Tukapelekwa kwa karani, binti mdogo, benchi limejaa watu. Babu Kulwa alikaa sakafuni, hapendi viti, ncha yake ya fimbo mkononi, yangu mkononi. Binti akauliza, nikamjibu yote: Leticia, Holo, Mama Kulwa, Petro, Masanja, Nyahanga.

"Na la ukoo wa mume?"

Kalamu ilikuwa inasubiri. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Halafu fimbo ikainuka kidogo, kama palipo na shimo.

"Litaje, mayu," mzee akasema. "Liliwahi kukunyima macho. Litaje."

Hapa sitaliandika, na Doto anajua asiliandike. Ruhusa niliyopewa ilikuwa ya kadi. Lakini siku ile nililitaja. Nililitaja mara mbili, maana ya kwanza haikutoka sauti. Na kutoka sakafuni, upande wa pili wa fimbo, mzee akaitika kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Naam, mayu. Nipo."